Barua kwa Mhariri: Mwenye watoto wakubwa ahesabu milango ya kabini, si vitanda

Mheshimiwa Mhariri,

Ukurasa wenu wa likizo umewashauri wazazi wanaofikiria safari ya meli ya kitalii wachukue kabini moja ya watu wanne yenye balkoni, ili familia ikae pamoja. Kwa mtoto wa miaka 6 na mdogo wake wa miaka 4, hatuna neno. Kwa binti wa miaka 15 na kaka yake wa miaka 17, huko ni kuwatafutia watu ugomvi kabla meli haijaona bandari ya pili. Kazi yetu hapa Lubumbashi ni kukata tiketi, za meli zikiwemo. Tunazikatia familia zinazokwenda kuungana na ndugu zao wa Ubelgiji na Ufaransa na kupandia Marseille, Genoa au Barcelona, na nyingine zinazopandia Durban, msimu wa meli unapokuwapo huko. Tunaomba nafasi ya kusema jambo moja, japo kwa kirefu: mwenye watoto wakubwa asihesabu vitanda. Ahesabu milango na mabafu.

Neno kabini lenyewe linapotosha. Mtu wa Katanga akilisikia anawaza treni ya kwenda Kamina: kitanda juu, kitanda chini, unalala, unaamka, unashuka. Kwenye treni unanunua kitanda, kwenye meli unapanga nyumba ya wiki nzima. Nyumba hiyo ni ndogo. Kabini ya ndani, isiyo na dirisha, huwa na mita za mraba 13 hadi 17, na bafu limo humohumo. Yenye balkoni hufika 16 hadi 20, ukiongeza balkoni yenyewe ya mita 3 hadi 5. Asiyeamini achukue chaki, achore uani umbo la mita 3 kwa 5, kisha aweke humo kitanda cha watu wawili, kabati, kimeza, kochi na pembe ya bafu. Patakapobaki ndipo mtakapopishana, asubuhi na jioni.

Karibu kabini zote zina vitanda viwili vya chini, ambavyo mhudumu huviunganisha vikawa kimoja au huvitenga kila kimoja upande wake. Vyenye mambo ni cha tatu na cha nne. Kuna vile vinavyoshushwa kutoka darini au ukutani, vyenye kingazi cha chuma. Kikishashushwa, aliyelala chini akiinuka ghafla usiku hujigonga paji la uso, na kijana mrefu aliye juu hawezi kuketi wima. Vina kikomo cha uzito pia, kwa hiyo kijana aliyejaa kama beki wa Mazembe ni lazima umuulizie kabla ya kulipa. Halafu kuna kochi la kukunjua. Likikunjuliwa huziba njia ya balkoni, na mara nyingine hata mlango wa kabati. Tangazo likisema "watu 4", usiridhike, uliza vitanda hivyo viwili vya ziada ni vya namna gani. Yapo makochi ambayo kampuni huyahesabu kuwa kitanda cha watu wawili, maana yake kaka na dada wakubwa walale humo ubavu kwa ubavu. Mama anaifahamu habari hiyo akiwa amesimama mlangoni na mabegi.

Tazameni saa kumi na mbili jioni. Chakula cha zamu ya kwanza ni karibu saa kumi na mbili na nusu. Watu wanne, bafu moja, robo saa kila mtu, hiyo tayari ni saa nzima, na waliotoka kwenye bwawa wana chumvi na mafuta ya jua mwilini. Ndani ya bafu pana mita mbili hivi za sakafu iliyolowa na pazia la nailoni linalonata mguuni. Binti ameshika gauni lake juu juu lisiguse maji, hana pa kulivalia. Kaka yake yuko kwenye kitanda cha darini na simu, anaambiwa ageukie ukutani. Baba amejifunga taulo, hajui akae wapi. Katuba au Kampemba, mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, hata penye vyumba viwili tu, wavulana hutandika sebuleni ili wasichana wapate chumba chao, na baba hubisha hodi. Kwa nini tuiache heshima hiyo bandarini, tena kwa kulipia?

Mtajibu kwamba ni gharama. Tuhesabu basi, kwa bei za mfano tu, kwa sababu bei za kweli hubadilika kila wiki. Nauli hupangwa kwa watu wawili katika kabini, na wa tatu na wa nne hupunguziwa. Tuseme kabini yenye balkoni ni dola 900 kwa kila mmoja wa wawili wa kwanza na 350 kwa kila mmoja wa wawili wa ziada. Hiyo ni 2,500. Kabini mbili za ndani, kwa dola 600 kila mtu, ni 2,400. Umepata milango miwili na mabafu mawili, na dola 100 imebaki mfukoni. Mchanganyiko tunaoupenda sisi, wazazi kwenye balkoni na vijana katika kabini ya ndani ng'ambo ya korido, ni 3,000. Kodi za bandari na bakshishi ya kila siku hutozwa kwa kichwa, wala hazizidi kwa kuwa na kabini mbili. Lakini tuseme ukweli wote: kuna kampuni za Ulaya ambazo katika vipindi fulani humchukua mtoto aliye chini ya miaka 18, akilala na watu wazima wawili, kwa kodi za bandari peke yake. Hapo kabini ya watu wanne inakuwa rahisi kupita zote, na mzazi mwenye bajeti ya kubana atachagua mwenyewe kati ya pesa na nafasi. Aangalie tu tarehe ya kuzaliwa. Kwa kawaida umri unaohesabiwa ni wa siku ya kuondoka, na kijana aliyetimiza 18 wiki moja kabla atalipa nauli ya mtu mzima.

Kuwalipia vijana balkoni, kwa maoni yetu, ni kutupa pesa. Hawakai huko. Mchana wako bwawani, usiku wako kwenye klabu ya vijana, ambayo katika baadhi ya kampuni hugawa wa miaka 12 hadi 14 na wa 15 hadi 17, na kwingine huwachanganya wote. Kabini wanaitaka kwa kulala, na kwa kulala hakuna inayoishinda ya ndani. Taa zikizimwa ni giza tupu, saa tatu asubuhi ni sawa na usiku wa manane. Ndiyo maana wengi hukosa kifungua kinywa. Dawa yake ni kuacha televisheni imewashwa bila sauti kwenye idhaa inayoonyesha picha ya mbele ya meli. Kukipambazuka nje, chumba nacho kinapata mwanga.

Sasa kanuni ambayo huwakwamisha wanaojikatia wenyewe kwenye intaneti. Kampuni nyingi za Kimarekani hutaka kila kabini iwe na angalau mtu mmoja wa miaka 21. Za Ulaya mara nyingi ni 18. Ukijaribu kuwaandika vijana wawili wa 14 na 16 peke yao, kompyuta inakataa, na mzazi anadhani ndiyo basi, anarudi kwenye kabini ya watu wanne. Kumbe kampuni nyingi zinaruhusu watoto kulala peke yao ikiwa kabini ya wazazi iko ubavuni, imeungana nayo kwa mlango, au inatazamana nayo. Njia iliyozoeleka ni kumwandika baba katika kabini moja na mvulana, mama katika nyingine na binti, kisha mkishapanda mnakwenda mapokezi kuomba kadi za ziada za kufungulia milango, kila mzazi awe na ya pande zote mbili. Muulizeni wakala kwanza kama kampuni hiyo inakubali, na jibu lake liwe kwa maandishi.

Kuna jambo la usalama hapa ambalo hatuwezi kuliruka. Baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kulala ubavu penye kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, kanuni za kimataifa zilibadilishwa. Tangu Januari 1, 2015 zoezi la dharura kwa abiria waliopanda ni lazima lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kituo chako cha kukusanyikia kimeandikwa kwenye kadi yako, nacho hufuata kabini uliyoandikiwa. Mkibadilishana vitanda kati ya kabini zilizo mbali, kengele ikilia usiku mtoto analala upande mmoja na kituo chake kiko upande mwingine. Kabini zikipakana, kwa kawaida kituo ni kimoja. Kila kituo kina boti zake za uokoaji zenye nafasi za kuhesabika, na hesabu hiyo hueleza kwa nini wakati mwingine mnaambiwa kabini ya watu wanne "haipo" na huku ramani inaionyesha tupu. Vitanda vipo, ila nafasi za eneo lile la boti zimejaa.

Ramani ya sitaha isomwe kwa makini, na isisomwe sitaha moja tu. Fungua ile ya juu yake na ile ya chini yake. Kabini iliyo chini ya sitaha ya bwawa inasikia viti vikiburutwa alfajiri wahudumu wanapoosha sakafu. Iliyo juu ya ukumbi wa maonyesho au disko inasikia ngoma hadi saa saba za usiku. Mbele kabisa, penye omo, mnyororo wa nanga na mashine za kusogezea meli bandarini zitawaamsha wote, na nyuma, kwenye tezi, kuna mtikisiko wa rafadha, yaani mapanga yanayoisukuma meli. Mahali pazuri ni kabini yenye kabini juu yake na kabini chini yake. Mwenye tumbo jepesi apelekwe katikati ya meli na sitaha za chini, kwa sababu meli ikienda mrama ncha zake ndizo zinazopanda na kushuka zaidi, na kadiri unavyokaa juu ndivyo unavyoyumba. Bibi, au kambo kama tunavyomwita hapa, awekwe karibu na lifti, lakini si mlango wa kutazamana nayo, na kitanda chake kiwe cha chini. Korido za meli hizi zinaweza kupita mita 200 na magoti yanajua hesabu hiyo.

Tarakimu za kwanza za namba ya kabini huonyesha sitaha. Msishangae namba fulani zikikosekana: meli nyingi hazina sitaha ya 13, na Waitalia wana kawaida ya kuikwepa 17. Kabini mbili zenye namba zinazofuatana, kwa mfano 9120 na 9121, si lazima ziwe jirani. Kampuni nyingi huweka shufwa upande mmoja wa meli na witiri upande wa pili. Jirani ya 9120 inaweza kuwa 9122. Kosa hili hutokea kila msimu, na huwa halionekani mpaka siku ya kupanda.

Kosa kubwa zaidi ni kununua kabini ya bei ya chini ambayo kampuni ndiyo itakayokuchagulia namba baadaye. Kwa mume na mke wasio na watoto, ni bei nzuri. Kwa kabini mbili za familia moja ni bahati nasibu: wazazi wanapewa sitaha ya 5 karibu na omo, vijana sitaha ya 11 nyuma, na kwa mujibu wa mkataba kampuni haina kosa. Ile ruhusa ya vijana kulala peke yao nayo inapotea, kwa sababu iliegemea ukaribu. Lipia namba kamili, hata ikiongezeka dola kadhaa. Na kabini mbili zikikatwa kwa namba mbili tofauti za tiketi, mwombe wakala aziunganishe kwenye mfumo, la sivyo chakula cha jioni mtapangiwa meza tofauti, pengine hata zamu tofauti.

Kabini zilizounganishwa kwa mlango wa ndani ni nzuri mno kwa mzazi mwenye wasiwasi. Mlango hufungwa na kila upande, kwa hiyo vijana nao wana faragha. Ni chache, na familia za Ulaya huzikamata miezi mingi kabla. Kwenye ramani huwa na alama ndogo, pembetatu au mshale, kulingana na ufunguo wa ramani ya meli hiyo. Lakini kama mnachukua moja tu kati ya hizo mbili, ikwepeni: mlango ule hupitisha sauti, na mtaishi wiki nzima na kikohozi cha mgeni. Wenye balkoni mbili zinazopakana waulize kama kizuizi cha kati kinafunguka. Kwenye meli nyingi mhudumu hukifungua kwa ufunguo wake mkimwomba.

Familia ya watu saba, ambayo kwetu si kubwa, isitafute kabini ya kuwatosha wote. Za watu watano ni adimu na bei yake huruka. Kabini tatu zinakaa sawa: wazazi na kitinda mimba, wasichana, wavulana.

Vidogo vidogo tuvipitie haraka. Plagi zetu za miguu miwili ya duara huingia kwenye meli nyingi zinazotoka Ulaya, ila matundu ni mawili au matatu. Nyaya za kugawanya umeme zenye kinga ya shoti hunyang'anywa mlangoni, pasi na birika pia, kwa hiyo chukueni kichaji kimoja chenye matundu mengi ya USB. Kuta ni za chuma: kulabu za sumaku nne zitawapa pa kutundika taulo za watoto. Begi laini huingia chini ya kitanda, begi gumu kubwa mtalikanyaga wiki nzima. Simu za mezani za kabini hupigiana bure, na kwa kuwa intaneti ya baharini hulipiwa, hiyo ndiyo njia ya kumwamsha kijana.

Tumebakiza la karatasi, na hapa Mkongo ana shida yake peke yake. Mfumo wa kampuni unatarajia baba, mama na watoto wawe na jina moja la ukoo. Kwetu baba ana jina lake, mama lake, na kila mtoto amepewa la babu au shangazi. Ofisa wa bandarini anaona watu watano wasio na undugu, wawili kati yao watoto wanaolala kabini yao wenyewe. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinavyoonyesha majina ya wazazi wote wawili, na tafsiri yake kama mnapandia mahali pasipotumia Kifaransa. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, awe na autorisation parentale, yaani barua ya ruhusa ya mzazi mwenzake, iliyothibitishwa. Mtoto wa mdogo wako kwetu ni mtoto wako. Kwa kampuni ni mtoto wa mtu mwingine, naye anahitaji barua ya wazazi wake. Majina kwenye tiketi yanakiliwe kutoka ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha wa paspoti, si kutoka kadi ya shule, na nom, postnom na prénom (jina la kwanza kwenye karatasi zetu, la pili, na la ubatizo) visipindue nafasi.

Viza nayo: meli ikitoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ikagusa Tunis, kisha ikarudi, umeingia mara mbili, na viza ya kuingia mara moja haitoshi. Ni vivyo hivyo kwa meli inayotoka Durban kwenda Msumbiji na kurejea, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano Afrika Kusini huiangalia kwa anayetoka Kongo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asikatiwe tiketi kabla ratiba ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haijatoka. Tena msifike bandarini siku ileile ya meli. Ndege ya kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ikichelewa kuunganisha Addis Ababa au Johannesburg, meli haiwasubiri.

Mkishapanda, kabla hamjaenda kula, ingieni kabini zote. Angalieni vitanda vimetengwa mlivyoomba, mpandisheni kijana kwenye kile cha juu mara moja aone kama panamtosha, jaribuni kila kadi kwenye kila mlango. Kama kuna kasoro, mwambieni mhudumu wa kabini saa ileile, kwa maana vitanda huvipanga jioni. Kama ni kabini yenyewe isiyofaa, nendeni mapokezi muandikishe jina. Watawajibu meli imejaa, na kwa saa ile huwa ni kweli. Rudini asubuhi ya pili, watu wasiofika bandarini wakishajulikana na kabini zao zikabaki tupu.

Wenu,
Wakata tiketi wawili wa mjini,
Lubumbashi